Esperansia Nimpaye: Siku Chupa Zote Ziliporudi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutangaza na kuuza dawa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, Bi. Esperansia Nimpaye anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025.

Alianza mwaka 1994 akiwa na begi la sampuli, vipeperushi na baiskeli ya kukodi. Hadi kampuni inampa pikipiki, alishajua kila duka la dawa kutoka Bisibo hadi Ntobeye, na mwenye duka ana watoto wangapi.

Mwaka 2019 vikaja vishikwambi. Mama Esperansia alikifunga cha kwake kwenye kitenge, akakiweka kabatini. Kwenye kikao cha mwezi, meneja akatangaza kwamba asiyetuma ripoti kwa mtandao atahamishiwa stoo. Mama akasimama.

"Bosi, wateja wangu wote ninao kichwani."

"Sawa mama, lakini siku ukiugua, hicho kichwa tutakifungulia wapi?"

Tulicheka sote. Yeye hakucheka. Kikao kilipoisha alimfuata Diana, mdogo kuliko wote kazini: "Mwanangu, nifundishe. Na usinionee huruma."

Diana anasema walianzia kwenye kuwasha. Mwezi wa kwanza, mkuu wa kanda alipokea picha ya kidole gumba cha mama mara nne. Mwezi wa tatu, mama ndiye aliyekuwa anatuambia kinachokosekana: video za kampuni zilikuwa za Kiingereza, na wauza dawa walikuwa wanazitazama kwa adabu tu. Akaanza kurekodi zake, za dakika mbili, kwa Kiswahili, na Kihangaza pale palipohitajika. Kisha akawaunganisha wenye maduka arobaini na sita kwenye kundi moja la WhatsApp. Waliotuma picha za maua kila asubuhi walionywa. Waliorudia walitolewa siku tatu.

Ikafika Machi 2023. Saa mbili asubuhi ilitoka amri ya kurudisha toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, lililokuwa na siku mbili tu madukani. Vifuniko havikuwa vimefungwa sawasawa kiwandani. Zamani tungezunguka wiki nzima. Mama, akiwa Ngara mjini, alituma kwenye kundi picha ya chupa na sauti yake: "Angalieni namba hii. Msiuze. Mliouza, wafuateni wateja sasa hivi."

Kufika saa sita, maduka arobaini na matano yalikuwa yamejibu. Moja lilikuwa kimya: la mzee Juvenali, kule Ntobeye.

Alipanda pikipiki mwenyewe. Kumbe simu ya mzee ilikuwa imeisha chaji, na muda mfupi tu uliopita alikuwa amemuuzia jirani yake Priscila chupa moja. Wakaenda wote wawili kwa haraka. Walimkuta Priscila amempakata mtoto, kijiko mkononi.

"Shikamoo mama," alisema kwa mshangao.

"Marahaba. Weka kijiko chini kwanza, mwanangu, halafu tusalimiane vizuri."

Kabla jua halijazama, kila chupa iliyotoka ghalani kwetu ilikuwa imerudi, na hakuna mtoto aliyedhurika. Diana, aliyempokea Ngara, anasema mama alikaa kwenye ngazi za ofisi na kofia ya pikipiki bado kichwani, akalia kwa furaha mpaka akapata kwikwi.

Mwaka uliofuata kampuni ilipeleka utaratibu huo wa mama kanda nzima. Aliyekuwa ahamishiwe stoo ndiye akawa mwalimu wa maofisa mauzo wapya ishirini na wawili, na hakumwonea huruma hata mmoja.

Sasa anarudi Kanazi kwenye mibuni na migomba yake. Mama Esperansia, asante kwa kila kilomita ya vumbi na matope uliyoenda kwa ajili ya watu usiowajua. Mungu akujalie afya, shamba likuitikie, na asubuhi ulale mpaka utakapotaka mwenyewe.

Gidioni Bulugu
Ofisi ya Biharamulo