Nilivyotolewa Tumboni mwa Ndege

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi niliishia darasa la nne kule Busia, kwa hiyo nikipotea njiani mnisamehe, nitarudi.

Miaka mingi nimepakia mizigo pale Entebbe. Kazi yangu ni kuingia tumboni mwa ndege na kutambaa kwa magoti, nikipanga mabegi huku mwenzangu akinisukumia kutoka mlangoni. Magoti haya mke wangu Agneta huyakanda kwa samli kila jioni, akinicheka kwamba nimepigia magoti mabegi ya watu zaidi kuliko Mungu. Na hakukosea.

Basi biashara ya ndege ikalegea. Kampuni ikapunguza watu, ikapunguza mshahara, ikapunguza tena. Mara ya tatu wakaleta karatasi ya kutia sahihi kwamba tumekubali kupunguziwa. Tukaapa kwamba hakuna atakayetia. Kesho yake mmoja akatia: Ssalongo. Waganda humwita hivyo baba wa mapacha, na mapacha wake walikuwa bado wachanga. Umoja ukavunjika, nasi wengine tukatia kwa aibu.

Ndugu zangu, nilimchukia. Salamu nikamnyima. Kila tulipomaliza ndege, nikitoka mlangoni, nilimsonya. Mnakujua kusonya, ule mlio wa meno wa kumdharau mtu. Miezi saba, kila ndege. Na Jumapili nilikuwa hapa naimba.

Mshahara haukutosha, nikaanza kubeba magunia ya kabichi soko la Kalerwe alfajiri kabla ya kazi. Kabichi za Kalerwe ni nzito kuliko za Busia, sijui wanazilisha nini. Haya, narudi. Mchana mmoja wa jua kali, nikiwa mle ndani, niliegemea begi laini nipumzishe mgongo. Nikalala.

Niliamka gizani. Mlango umefungwa. Nikagonga, nikaita, injini inaunguruma, nani anisikie? Kule juu baridi ingeniua. Nilitaka kuomba vizuri kama mchungaji, nikashindwa. Nilisema tu, "Bwana, Agneta atakula na nani?"

Ya nje nilihadithiwa baadaye. Zamani aliyefunga mlango aliita majina kwanza, lakini tangu tupunguzwe, wawili tulifanya kazi ya watano, na majina yakaachwa. Ssalongo ndiye aliyefunga. Alikuwa ameshaanza kuondoka, akasimama.

"Mzee hajanisonya," akasema.

Kiongozi wetu akacheka. "Si ushukuru, ssebo? Labda leo ameokoka."

"Huyo? Hawezi kuniacha hivi hivi. Yuko ndani."

"Ukichelewesha ndege bure, kazi huna."

Ssalongo, mwenye mapacha nyumbani, alikimbia mbele ya ndege akapishanisha mikono juu ya kichwa, ishara ya kumwambia rubani asimame. Ndege ikasimama.

Alinivuta nje kwa miguu. Nikamshika shingo nikalia. Akaniambia taratibu, "Mzee, pole. Nilitia sahihi kwa sababu ya maziwa ya watoto."

Nikamjibu, "Najua. Nilijua siku ileile."

Mshahara haujapanda, ndugu zangu, nisiwadanganye. Lakini namshukuru Mungu aliyenitoa mle ndani, akanitoa na kwenye chuki, kwa mkono wa yule yule niliyemdharau. Kama kazini kwako kuna mtu umemnyima salamu kwa sababu mkate umepungua, usingoje kufungiwa gizani. Mtegemee Bwana, kisha kesho asubuhi umwamkie wewe kwanza.