Chola na Nywele za Mamba-Muntu

Kwenye kona ya soko la Kenya, mtaa mmoja wa mji wetu wa shaba, mbele ya birika la Asumani muuza kahawa, kuna benchi lililochoka kuliko wanaolikalia. Kila alasiri utamkuta hapo Sumaili, aitwaye Sans-Frein kwa sababu baiskeli yake haina breki ya nyuma, na Mukuka, aitwaye Procureur kwa sababu kwake kila mtu ni mshtakiwa. Mwaka ule wa sabini na nne redio ilikuwa na wimbo mpya wa Chola, kijana wa mtaa huohuo, asiye na orkesta wala mfadhili, yeye na gitaa lake tu, akiimba nyimbo za bibi zake kwa mwendo wa vijana. Sumaili ndiye aliyemshikisha gitaa hapo mwanzo. Basi roho ilimuuma, tena waziwazi: wimbo ukianza tu, alinyoosha mkono akaizima redio kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Siku hiyo pia aliizima.

— Acha tusikie, Asumani akasema. Poste hii ya redio ni yangu.

— Utasikia nini? Miye njo nilimufundisha. Leo banamwita artiste, na jina yangu haiyatoka mu kinywa yake hata siku moja.

— Tena anapanda avion, anaruka mu mawingu, Mukuka akachochea. Muntu moja na gitare moja, anapanda avion namna gani?

— Iko na mukubwa nyuma yake, Sumaili akasema.

— Mukubwa gani? Banasema alikutana na mamba-muntu ku mto Lufira, ule mwanamuke wa mukia ya samaki. Alimwibia kisanuo ya kuchanulia nywele.

— Kisanuo haileti sauti, Asumani akasema. Ni nywele. Njo alifanya nyuzi za gitare.

Sumaili alijua vizuri nyuzi za kwanza za Chola zilitoka wapi. Lakini uongo ule ulikuwa mtamu, akauongezea sukari.

— Nywele, vraiment, kweli kabisa. Na kila mwaka anamulipa ule mwanamuke muntu moja. Shangazi ya Chola alikufa juu ya nini?

— Alikuwa na miaka makumi nane, Asumani akasema.

— Njo vile. Anaanza na bazee.

Hapo akafika mama mmoja na mfuko wake wa safari, ametoka kushuka treni ya Likasi. Aliitwa Kapinga. Aliomba kahawa, akakaa pembeni.

— Jambo yenu, baba. Nasikia munamutaja Chola. Kwabo njo hapa?

— Njo hapa, Sumaili akasema.

— Basi munisaidie. Ku Likasi tunaimba wimbo yake mupaka mwisho. Mu kuplet, beti ya mwisho, anashukuru muntu wa Kenya, Sumaili. Anasema aliondosha kamba ya frein ya nyuma ku kinga yake, ku baiskeli, akaifumua uzi moja moja, akamupa afanye nyuzi za gitare. Ule Sumaili ni nani?

Mukuka alimtazama Asumani. Asumani aliitazama baiskeli iliyoegemea ukuta. Sumaili alifungua kinywa. Miaka minane alikuwa akingoja mtu amuulize hivyo, na sasa aliona haya, kwa sababu kinywa kilekile kilikuwa kimetoka kumsingizia Chola kifo cha shangazi yake.

— Hamumujue? Kapinga akauliza tena.

Sumaili akanyoosha mkono, akaiwasha redio mwenyewe. Wimbo ulikuwa umekwisha, wanasoma habari za shaba.