Keki ya Kipaimara Iliyogoma Kuumuka

Ukitaka kujua jambo lililomshinda mtu hapa Nangwa, tazama amebeba nini akija kijiweni. Jumamosi hiyo Yoakimu alikuja na sufuria. Aliitua kwenye benchi la Injinia, fundi baiskeli, akafunua. Ndani keki ilikuwa imelala, ngumu kama kandambili iliyosahauliwa juani. Kesho yake binti yake Evaline angepokea kipaimara, sherehe ya kwanza kwao tangu mama yake azikwe. Yoakimu alikuwa amejiapia kwamba mtoto atakata keki ileile ya mama, kutoka daftari la mapishi la marehemu. Sasa imemgomea.

— Hii imepata pancha, — alisema Injinia, akiibonyeza kwa kidole cha grisi. — Upepo umetoka.

Profesa, aliyeishia darasa la sita na hajawahi kukosa jibu, alipuliza kahawa yake.

— Pancha wapi? Ni mlima. Huku juu hewa nyepesi, keki haina pa kuegemea. Ndiyo maana wahenga walisema milima haikutani.

— Marehemu alipikia hapahapa, — Yoakimu akamjibu.

— Enzi hizo mnara wa simu haukuwepo. Mnara unavuta, bwana. Mbona betri yako inawahi kuisha?

— Mimi nasema kuku, — Injinia akadakia. — Mayai umenunua mnadani, siyo? Kuku wa mnadani ana mawazo, hajui atalala wapi. Yai lake litainuka vipi? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yoakimu alicheka, kisha akaitazama tena keki yake. Tangu alfajiri alikuwa amefuata daftari mstari kwa mstari, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Alijiona baba asiyefaa.

Akapita Frida, muuguzi mgeni wa zahanati.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaiinamia sufuria, akanusa.

— Baba Evaline, soda uliweka?

— Niliweka. Imeandikwa, soda kijiko kimoja. Nikaweka ya machungwa.

Frida aling'ata mdomo asicheke.

— Ni ile ya unga, baba. Ya kuumulia.

Profesa akasema hata yeye alikuwa anaelekea hukohuko.

— Lakini Evaline si husema alikuwa anapika na mama yake? — Frida akauliza. — Mbona hukumuuliza?

Injinia akageukia spoku zake. Profesa akapuliza tena kahawa yake. Jibu alikuwa nalo Yoakimu peke yake, na lilimwuma: tangu msiba alikuwa amelificha daftari chini ya godoro, mtoto asije akaona mwandiko akalia. Akabeba sufuria yake, akarudi nyumbani.

Alimkuta Evaline anachambua maharage, akamkabidhi daftari. Msichana alipapasa mwandiko wa mama yake, akalia, na baba naye akalia. Kisha Evaline akajifuta uso kwa kiganja.

— Washa mkaa, baba. Soda ya unga ipo kabatini. Mimi ndiye niliyekuwa naiweka.