Bridgit Nasipwondi, Aliyelia Mbele ya Jeneza la Mzee Sospeter

Jamaa, majirani na marafiki, tangu mwili wa dada yetu uletwe hapa uani Gatina, Kawangware, asubuhi hii, Ijumaa tarehe 5 Septemba 2025, hakuna mwanamke hata mmoja aliyepiga nduru. Sote tunajua sababu. Mama Aketch, mama mkwe wake, ameinua mkono akasema, "Huyu alimlilia mtu aliye hai kwa TV. Kilio cha boma hili alikimaliza mwenyewe. Asililiwe tena." Mimi Benard Murunga, mdogo wake wa kumfuata, nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kabla ya msafara kuondoka kwenda kumzika Ugenya, kwao mumewe. Nimeuandika mwenyewe na nitausoma wote. Atakayekasirika, angoje nimalize.

Marehemu Bridgit Nasipwondi Ojwang alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kamukuywa, Kaunti ya Bungoma, akiwa binti wa pili wa marehemu Mzee Murunga na marehemu Mama Nekesa. Alisoma shule ya msingi huko huko Kamukuywa, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, karo ilipokatika. Hakukaa nyumbani kununa. Alijiunga na chuo cha ufundi Kimilili akajifunza ushonaji.

Mwaka wa 1999 alikuja Nairobi kwa shangazi yetu, Soweto East, Kibera, akafungua kibanda cha kushona sare za shule na mapazia. Nyumba zile zilipobomolewa kupisha ujenzi, alihamia huku Kawangware na cherehani yake mgongoni mwa mkokoteni. Lakini wengi wenu hamkumjua kwa sindano. Mlimjua kwa sauti. Palipokuwa na matanga, Kibera au Kawangware, kwa Mluhya au kwa Mjaluo, aliitwa aongoze wimbo na kilio. Akianza yeye, hata wanaume wenye mioyo ya mawe walitafuta leso.

Nicanor Ojwang, fundi wa rangi, alimletea suruali ipunguzwe urefu. Akairudisha, ati bado ni ndefu. Akairudisha tena. Ilipokuwa inakaribia kuwa kaptula, dadangu alimwambia, "Ojwang, sema unachotaka, kitambaa kinaisha." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2003 na wakajaliwa watoto wawili, Ryan na Mitchelle.

Siwezi kusoma maisha yake nikaruka kipindi cha TV cha "Mlango wa Nne". Tangu kilipoanza mwaka wa 2014, Jumapili jioni dadangu hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Cherehani yake ilielekezwa kwenye TV. Siku Mzee Sospeter, yule landilodi wa kipindi, alipowafungia wapangaji milango, alishona mkono wa sare ya mtoto wa jirani yetu Mbuthia ukaelekea juu, kana kwamba mtoto anaomba ruhusa daima. Tulimtania kwamba mpangaji anayempenda landilodi ana ugonjwa. Alijibu, "Huyu mzee ni mkali lakini hadanganyi."

Ugonjwa wenyewe ulianza Oktoba 2024. Chakula kilikwama, kisha hata uji. Februari 2025 madaktari walisema ni saratani ya umio. Naomba mshike mwezi huo. Februari, kabla ya hiyo TV. Sauti yake ilianza kukwaruza, na alijua inaondoka.

Mwezi wa Aprili watu wa "Mlango wa Nne" walikuja kurekodi Kawangware. Walikuwa wakitafuta wanawake wa kuomboleza, wa kweli, si wa kuigiza, na mtaa mzima ukawaelekeza kwake. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Alishona kitambaa kipya cha kichwa. Kisha, siku moja kabla, wakamweleza anayezikwa ni nani. Ni Mzee Sospeter, na mwigizaji atalala mwenyewe ndani ya jeneza.

Nyumba iligeuka baridi. Kwetu Bungoma na kwao Ugenya, katika hili hatutofautiani: mtu anayepumua haliliwi, kwa sababu ukimlilia unamwitia kifo, na kifo kikiitwa hakirudi mikono mitupu. Shemeji yangu alisimama mlangoni.

"Brigi, usiende. Utalilia mtu anameza mate?"

"Nimengoja hii siku miaka kumi na moja, Baba Ryan. Na sauti iko na siku ngapi tena?"

"Sasa wewe mgonjwa ndio unataka kuita hiyo kitu?"

Mama Aketch alilia machozi akimsihi. Mwishowe Ojwang aliniambia, "Murunga, enda na yeye. Akianza kulia, mshike mdomo."

Jumamosi tarehe 12 Aprili tulifika uwanjani walikorekodia. Kaburi lilikuwa limechimbwa kabisa, udongo mwekundu pembeni. Jeneza lilikuwa wazi, na Mzee Sospeter amelala ndani na pamba puani. Wanawake waliotoka mitaa ya hapa ya Kongo na Gatina walikuwa wamejipanga. Mwelekezi, kijana mmoja anaitwa Muia, akapaza sauti, "Haya wamama, lieni!"

Hakuna aliyelia. Wote walikuwa wakitazama koo la yule mzee, na koo lilimeza.

"Mnaogopa kamera? Ni kulia tu, kama kawaida."

Muia akaanza kukasirika, akasema kama hawawezi, kuna wamama wengi Kibera watakaoweza. Hapo dadangu akatoka mstarini. Mkono wangu ulikuwa tayari, nakiri, nimeshauinua. Alinitazama nikaushusha.

"Hii shimo ni ya kweli?" akamuuliza Muia.

"Tumechimba futi nne, mathe. Kwa nini?"

Aliligeuzia jeneza mgongo, akasimama ukingoni mwa kaburi akitazama upande wa nyumbani, Bungoma, akaita, "Mayi! Mayi Nekesa!" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kibukusu. Mama yetu alifariki tarehe 19 Mei 2020, wakati Nairobi ilikuwa imefungwa kwa korona, hakuna kutoka. Walimzika watu wachache, haraka. Dadangu, aliyelilia maiti za mtaa mzima, hakumlilia mama yake. Alisema hawezi kulia bila kuona shimo. Miaka mitano aliibeba ile nduru.

Siku hiyo aliitoa. Alimwambia mama alivyofungiwa, alivyoshona kitambaa cha kufunika jeneza na hakuna gari la kukipeleka. Kisha akateka udongo kwa mkono akautupa shimoni, ule udongo aliopaswa kuutupa mwaka ule. Wanawake wote wakaangua kilio, kila mmoja na wake, na mimi sikubaki nyuma. Mzee Sospeter alitoka jenezani mwenyewe, akatoa pamba, akasimama kando yake. Muia hakuelewa neno hata moja, lakini alisema atakitumia kilio hicho vivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili sauti yake ilikwisha kabisa. Yaliyobaki alinong'ona, na mengi hayakusikika. Alitulia tarehe 27 Agosti 2025, Jumatano alfajiri, Ojwang akiwa amemshika mkono. Jumapili hii kipindi kitaonyeshwa, nanyi mtajionea alikotazama.

Marehemu ameacha mume wake Nicanor Ojwang, watoto Ryan na Mitchelle, mama mkwe Mama Aketch, wifi yake Caren, nami ndugu yake. Mzee Sospeter naye yuko hapa, ameketi karibu na tangi la maji, mzima, anapumua. Anayetaka akamguse. Dadangu hakumlilia yeye, wala hakujililia. Kwa hiyo kilio cha boma hili bado hakijatolewa, na aliyezoea kukianzisha ndiye amelala hapa.

Mama Aketch, wewe ndiwe mkubwa wetu na nduru ya kwanza ni yako. Nasipwondi apumzike kwa amani, lakini kwanza tumlilie.