Uji wa Majilio

Gari la kwenda Manga lilipoondoka Keroka, Bitutu aliketi nyuma ya akina mama wawili asiowajua. Kesho jumuiya ya kanisa ingesali sala za Majilio, za kungojea Krismasi, nyumbani kwake, naye hakuwa na kuku hata mmoja wa kuwapikia.

"Jumuiya yetu iliposali kwa Mama Joash tulikula kuku watatu!" alisifu mmoja wao, aliyekuwa mnene. "Na somo lilikuwa lipi?" mwenzake akamuuliza. Mnene akawaza mpaka kona mbili zikapita. "Unaona? Paja unalikumbuka, Neno umesahau! Sisi kwetu ni uji wa wimbi tu mpaka Krismasi. Tunamngoja Yesu, hatungoji sahani." "Uji! Na wazee wanakuja kweli?" "Wanakuja, tena wanaimba."

Gari liliposimama Manga, walikuwa bado wanabishana. Bitutu alishuka akiwa mwepesi moyoni, kwa maana unga wa wimbi ulikuwepo nyumbani, na uji alijua kuupika.