Mwanga Ambao Jicho Halioni

Ndugu waombolezaji, historia hii ilikuwa isomwe na mjomba wa marehemu, mwenye miwani na shule yake, lakini sauti imemkauka tangu asubuhi, mzigo ukamwangukia bibi yake marehemu, aliyeishia darasa la pili na aliyekwisha sema hataki, basi anayejua maneno ya maabara kumshinda asimsahihishe mpaka amalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1984, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi, akafiwa na mama kabla hajaota meno, akakua mtoto wa peke yake, mkimya, wa kuongea na miche ya nyanya kuliko watu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1991, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu akasomea kemia, na tarehe 3 Septemba 2012 akaajiriwa katika taasisi ya utafiti wa mazao.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vihisio, yaani chembe za kaboni zilizovikwa utando mwembamba wa polima, zinazopenyezwa ndani ya jani, zikimulikwa zinatoa mwanga, na homoni ya kukuza mmea ikizigusa mwanga unazidi, ila mwanga wenyewe jicho halioni, ni kamera tu, bibi akamuuliza, "Sasa wewe umejuaje kama upo?", akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra.

Mwaka 2015 kamera ikaanza kuonyesha majani yote yanang'aa sawasawa, yenye homoni na yasiyo nayo, akaamini utando wake ndio mbovu, akawa anaubadilisha mwaka hadi mwaka, katika chumba cha giza kisicho na dirisha, chakula chake kikipoa mlangoni.

Ndoa hakufunga, mchumba wake, fundi umeme, alingoja hadi akachoka, akasema hawezi uke wenza na majani, akaoa kwingine, wala hana lawama, na watoto marehemu hakujaliwa.

Mwaka jana, mwezi Machi, alibainika kuwa na kansa ya damu, na akiwa amelazwa alijiwa na mwenzake wa maabara, aliyekuwa amepewa ukuu wa kitengo kwa kuwa kazi ya marehemu ilionekana imeshindikana, akakiri kwamba mwaka ule wa 2015 alichomoa kioo cha kuchuja mwanga kwenye kamera ya marehemu, akakitia kwenye yake, akaacha kingine kinachofanana, kwa hiyo kamera ilikuwa ikipokea mng'ao wa jani lenyewe, na utando haukuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Marehemu hakumtukana, alisema tu, "Kirudishe, ujaribu utando ule wa kwanza," na picha zilipoletwa kitandani, jani lenye homoni liling'aa, lisilo nayo likabaki hafifu, akazitazama mpaka dawa zikamlaza, akafariki tarehe 17 Mei mwaka huu.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomgeuza kwa upole, majirani waliopika, na wafanyakazi wa taasisi, akiwemo yule aliyekaa kule nyuma, ambaye marehemu alimtaka aseme kosa lake mbele ya kitengo kizima, akasema, akavuliwa ukuu, na siku hizi akiingia na kikombe chake wenzake wanamaliza chai upesi na kuondoka.

Lala, mke mwenza, umetulia sasa.