Mkimbiaji wa Zamu ya Tatu Hayupo Pichani

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Karibuni tukae pamoja kidogo na mtu ambaye hayupo tena. Fundi mitambo wetu ameniuliza kama nina mafua, maana sauti leo si yangu. Sina mafua. Nina kichefuchefu. Nimekuwa nacho tangu Jumanne ya wiki iliyopita tulipotoka makaburini, na sidhani kama kitaisha leo.

Tunamkumbuka mpishi wa shule. Ameondoka na miaka arobaini na sita. Ameacha binti mmoja na mdogo wake wa kiume. Alipokuwa msichana walimwita Kiberiti, na mimi nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina lile alilipata kwa miguu yake. Hakupewa na kamati.

Kamati. Neno hilo mtalisikia tena. Mnisamehe nikilitamka kama mtu anayetema mbegu ya ndimu.

Baba yake alikuwa mpasua mbao katika kiwanda kilichokuwa ng'ambo ya reli. Chakula cha mchana alipelekewa na binti yake, kwenye bakuli la bati lililofungwa kitambaa. Baba alikuwa na msemo wake: "Nikifunua nisione mvuke, rudi nacho." Ulikuwa mzaha. Mtoto hakujua kama ni mzaha. Akawa anakimbia kila siku, na kwa kuwa ndani mlikuwa na mchuzi, alijifunza kukimbia bila kuyumba.

Mdogo wake ni fundi cherehani. Juzi ameniambia hivi: "Sisi wengine tulipotumwa, nusu ya mchuzi ulifika kwenye shati. Dada alifika nao wote. Kichwa kimetulia tuli, miguu huku chini huioni."

Shuleni mwalimu wa michezo alimwona siku moja tu. Akampanga kwenye mbio za kupokezana vijiti, wasichana wanne, zamu ya tatu. Nisikilizeni hapa, wapendwa. Wa kwanza anaonekana akianza. Wa nne anaonekana akikata utepe. Wa tatu anapokea kijiti upande wa mbali wa uwanja na kula kona yote peke yake, huku watazamaji wakitazama mgongo wake. Sifa hana. Lakini akiteleza yeye, wameteleza wote.

Yakaja mashindano ya shule zote. Kiberiti alipokea kijiti timu yake ikiwa ya tatu. Alipokitoa mkononi, ilikuwa ya kwanza. Sekunde arobaini na saba na nukta sita. Ni miaka ishirini na tisa sasa, na shule ile haijapata wasichana wengine wa kuifuta rekodi hiyo. Nairudia: wasichana wanne, sekunde arobaini na saba na nukta sita.

Aliyekata utepe siku ile leo ni muuguzi wa wodi ya watoto. Anacheka akilisimulia. "Mimi ndiye niliyebebwa juu juu kama bibi harusi," ameniambia. "Lakini nilikabidhiwa kijiti tukiwa mbele hatua sita! Hata ningekimbia kinyumenyume tungeshinda."

Wakapigwa picha. Wanne wamesimama mstari mmoja. Kiberiti yuko mwisho kabisa kulia, mkono wake ameuweka begani kwa huyu muuguzi.

Mwaka uliofuata msumeno ulimchukua baba yake vidole vinne. Kiwanda kikamrudisha nyumbani. Kiberiti, mtoto wa kwanza, akaacha masomo na kuingia jikoni. Jiko la shule ile ile. Juzi alikuwa anapakuliwa, leo anapakua. Akakaa miaka ishirini na minane. Akawa mkuu wa jiko, mwenye funguo za stoo, mwenye kujua mwanafunzi gani haongezi na mwanafunzi gani anaona haya kuomba kuongezewa.

Na dirisha la jiko linatazama uwanjani. Jioni wasichana wakifanya mazoezi, sauti inatoka kwenye moshi: "Mkono nyuma! Kiganja wazi! Usigeuke kumtazama, atakuletea!" Walimu wapya wa michezo walikuwa wakiuliza, mpishi anajuaje mambo haya? Wengine hawakuuliza. Walimwambia apunguze kelele.

Sasa tufike kwenye uchafu wenyewe.

Mwaka jana shule ilifungua Ukumbi wa Magwiji. Ni chumba kirefu kilichokuwa stoo ya madawati. Kimepakwa rangi, kimewekwa taa, na picha za wanamichezo wa zamani zimepangwa ukutani, chini yake vibao vya shaba. Wazo zuri. Mti huota kwa mizizi yake. Kamati iliundwa, na mwenyekiti wake akawa mama mmoja mwenye cheo kikubwa mjini. Huyo mama ni miongoni mwa wale wasichana wanne. Alikimbia zamu ya pili. Yaani, wasikilizaji wapendwa, yeye ndiye aliyempa Kiberiti kijiti. Mkononi kwake.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Wageni walijaa. Na mshereheshaji wa siku ile, mshika maikrofoni, alikuwa mimi.

Nilipewa karatasi. Mbio za kupokezana vijiti, majina matatu. Nikamwendea Mwenyekiti, nikamnong'oneza, "Mama, mbona watatu? Mbio hizi si za watu wanne?"

Akanigusa mkono kwa upole. "Wa nne hatujui alipo, kaka. Tumemtafuta sana."

Huyo wa nne, Kiberiti, alikuwa nyuma ya mlango, hatua ishirini kutoka tuliposimama, anamimina maziwa kwenye mabirika.

Mimi sikujua. Hilo ni kweli. Lakini nilihisi jibu lile lina harufu, nikalipokea hivyo hivyo, kwa sababu wageni walikuwa wamekaa na ratiba ilikuwa imechelewa. Nikasoma majina matatu. Kitambaa kikavutwa. Makofi.

Muuguzi alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Akasogea ukutani, akavaa miwani, akaitazama picha. Wengine tulikuwa tunaanza kugeukia sambusa. Akauliza, si kwa sauti kubwa: "Huu mkono ni wa nani?"

Mwenyekiti akacheka. "Mkono gani tena, shoga yangu?"

"Huu ulio begani kwangu. Yangu naiona yote miwili. Yako hii hapa. Ya mwenzetu aliyehamia ng'ambo ni hii. Huu unatoka kwa nani? Mmemkata Kiberiti?"

Mkuu wa shule akakohoa. Mwenyekiti akasema kwa meno yaliyofungwa, lakini nilikuwa karibu, nilimsikia, na maikrofoni yangu ilimsikia pia: "Usituharibie shughuli. Utamwekaje mtu ukutani kisha wageni wamwone anawamiminia chai? Picha gani hiyo ya shule?"

Maneno hayo yalitoka kwenye vipaza sauti. Kila mtu aliyasikia.

Na mlango wa jiko ukafunguka. Kiberiti akatoka, aproni kiunoni, birika kubwa mikono miwili. Ameyasikia yote. Akamwambia muuguzi, "Huo mkono ni wangu, mwenzangu. Nipisheni, chai inapoa."

Muuguzi akamkumbatia na birika likiwa katikati yao. Chai ikawamwagikia wote wawili. Hakuna aliyemwachia mwenzake.

Mngedhani hapo ndipo aibu ilipowashika watu. La. Mkuu wa shule alichukua maikrofoni mkononi mwangu, akatabasamu, akasema: "Kumbe mama yetu wa jikoni naye alikuwa mwanamichezo! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Kisha akamwambia, "Haya mama, endelea." Yaani endelea kumimina.

Akaendelea. Na mimi niliporudishiwa maikrofoni nilisema maneno manne: "Basi, tunaendelea na ratiba." Yalisemwa na sauti hii hii mnayoisikia. Nimeyarudia kichwani mara nyingi mno.

Muuguzi alivua medali aliyovishwa siku ile, akaiweka mezani kando ya bakuli la sukari, akaingia jikoni. Wakaosha vikombe pamoja mpaka wageni wa mwisho wakaondoka.

Binti yake Kiberiti anasema mama alifika nyumbani, akavua viatu, akakaa kwenye stuli, chakula hakukigusa. Binti akamuuliza, "Mama, umekasirika?"

"Sijakasirika, mwanangu. Nimekinai."

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Aliyekasirika atakula kesho."

Jumatatu alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule. Hakudai kibao. Hakudai kuombwa radhi. Alisema, "Irudisheni picha nzima. Mbio zilikuwa za watu wanne." Akajibiwa kwamba fremu imeshakatwa, picha nzima haitaenea, lakini suala litafanyiwa kazi. Miezi saba lilikuwa linafanyiwa kazi. Katikati ya miezi hiyo akaletewa barua fupi. Wapishi wasipite tena kwenye ukumbi wakipeleka chai kwa walimu, wazungukie nyuma. Wanafunzi walikuwa wakimsimamisha pale na kumwuliza kama ule mkono ni wake, na jambo hilo, barua ilisema, linaleta maswali yasiyo ya lazima.

Akazungukia nyuma. Mvua ikinyesha, anafunika mabirika kwa kanga, yeye mwenyewe analowa.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, akiwa anachambua mchele kwenye benchi la jikoni, alisema kichwa kinamuuma upande mmoja. Akalaza shavu mezani. Wenzake walidhani anapumzika. Alikuwa na shinikizo la damu, hata yeye hakujua. Kabla gari halijafika alikuwa ameshaondoka.

Sasa sikilizeni hili, nanyi mpime wenyewe. Alifariki Jumamosi. Jumapili, saa nane mchana, picha nzima ilikuwa ukutani. Fremu mpya, kubwa, wote wanne ndani yake. Fremu ambayo miezi saba haikupatikana ilipatikana kwa siku moja. Chini yake kibao: "Gwiji Wetu Mpendwa."

Jumatatu ujumbe wa kamati ukafika msibani. Mwenyekiti mwenyewe alikuwamo, amevaa miwani myeusi. Waliomba jeneza lipitishwe ukumbini, wageni watoe heshima, wapiga picha wawepo. Mdogo wake marehemu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Dada yangu amepita pale miaka ishirini na minane kwa miguu yake. Mkamwambia azungukie nyuma. Leo amelala ndiyo mnamfungulia mlango wa mbele?"

Mwenyekiti akaanza kulia. Pengine kilio kilikuwa cha kweli, mimi sijui ya moyoni. Muuguzi alikuwa amekaa mkekani upande wa wanawake. Hakumfukuza. Alimwambia tu, "Lia, mwenzangu, lakini usilie kwa niaba yangu."

Jeneza halikupita shuleni.

Baada ya maziko binti alikwenda shuleni akiwa na ombi moja. Aliomba picha ya mama yake ishushwe. "Alipoitaka mwenyewe mlimnyima," alimwambia mkuu wa shule. "Sasa hayupo wa kuitaka. Ishusheni." Akajibiwa kwamba picha ni mali ya shule. Kwa hiyo mpaka dakika hii ninayozungumza nanyi, wasikilizaji wapendwa, picha iko pale, na familia haiitaki.

Mimi nami nilikwenda kwa yule fundi cherehani kuomba radhi. Nilimkuta anapachika vifungo. Nikajieleza kwa urefu, nikamwambia nilisoma majina matatu hali moyo ulikuwa unaniuliza wa nne yuko wapi. Hakuinua macho kwenye sindano. Akasema, "Hukulikosea humu chumbani, kaka. Ulilikosea kwenye maikrofoni. Kaliseme huko."

Basi nalisema. Mbio zilikuwa za watu wanne. Nilitangaza watatu. Aliyekimbia zamu ya tatu nilimwona kwa macho yangu, nikatangaza kwamba ratiba inaendelea. Namwomba radhi yeye, ambaye hanisikii, na binti yake, ambaye najua ananisikiliza.

Kwa binti, kwa mjomba wake, kwa muuguzi aliyefiwa na mwenzake, na kwa wapishi wenzake wanaoendelea kuwasha moto ule bila yeye: poleni sana. Mungu awape subira, naye amlaze mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, wengi wenu mmo kwenye kamati za shule, za kazini, za mtaa. Mnapanga nani aonekane na nani asionekane. Leo kaeni na orodha zenu, mjiulize ni nani mlimwacha, na mlimwacha kwa sababu gani. Si sababu mliyoandika. Ile nyingine.

Shule imeniletea tangazo nilisome hapa. Jumamosi hii, saa sita mchana, kutakuwa na hafla ukumbini ya kumuenzi marehemu, nami nimeombwa tena niwe mshereheshaji. Familia haitakwenda. Muuguzi hatakwenda. Mimi nimewarudishia barua yao ya kunialika. Kama na wewe umealikwa, chai itakuwepo, na atakayeimimina atakuwa ni mpishi mwingine. Kabla hujapokea kikombe, mwulize anaitwa nani.